Siku Tova Alipokemewa Msituni

Jamani, nitawasimulia, ila mkicheka mcheke polepole, maana wapo waliokuwepo siku ile ambao mpaka leo wakiniona stesheni ya Bredäng, huku Uswidi, wanajifanya wanasoma ratiba ya treni, si kwa chuki, ni kwamba wakinitazama usoni watapasuka kwa kicheko na wenyewe ni watu wa adabu. Nilifanya jambo la aibu. Nilisimama katikati ya watu wa Mungu, mikono juu, macho nimefumba, nikakemea pepo ambaye nilijua fika kwamba ni mbwa, tena mbwa niliyemlisha asubuhi ile kwa mkono wangu mwenyewe.

Miaka ile simu zilikuwa bado za kubonyeza, na mimi mkataba wangu wa kazi ulikuwa umekwisha, nikaona tangazo kwenye ubao wa dukani: anatafutwa mtu mwenye pumzi wa kufanyisha mbwa mazoezi. Mwenye mbwa alikuwa bibi wa Kiswidi, mwindaji, miaka sabini na kitu, ambaye nilimwita Mama Birgit (mwenyewe alikataa, akasema hana mtoto hata mmoja na mimi sifanani naye, lakini mdomo wangu ulishindwa kumwita mtu wa umri ule jina tupu). Alikuwa na teria wawili, Tova jike na Pelle dume, miguu mifupi, ndevu kama mwalimu mkuu, na hawa si mbwa wa kukaa kochini, kazi yao ni kuingia kwenye mashimo ya mbweha na kubweka humo chini mpaka mbweha atoke au mwindaji achimbe. Sasa bibi alibadilishiwa nyonga, akalala miezi, na mbwa nao wakalala naye, wakanenepa. Msimu wa vuli walitakiwa kupimwa na wenzake wawindaji, na aliniambia wazi kwamba wasipofaulu yeye na msitu ndiyo basi, kwa umri wake hawezi kuanza na mbwa mwingine.

Basi tukaanza. Jumatatu baiskeli, mimi juu ya kiti na wao pembeni, mwendo wa mchakamchaka kilomita nne. Jumanne wanavuta kipande cha tairi kupanda kilima. Jumatano wanaogelea ziwani, na siku nyingine nawapitisha kwenye kokoto ili nyayo zikomae. Niliipenda kazi ile, siwafichi. Kufika Agosti ukimpapasa Tova unahesabu mbavu, na mapaja yamekuwa magumu kama mawe. Bibi alikuwa na agizo moja la kila wiki: "Zakaria, wanapungua, kwa hiyo kila Jumamosi kaza mkanda wa kifuani tundu moja." Jumamosi ya kuamkia siku ile ya aibu yangu kulikuwa na mpira kwenye televisheni, nikasahau.

Tatizo langu lilikuwa kanisani. Mimi nina diploma, na nyumbani kwetu Dodoma mbwa analala nje na hana jina zaidi ya "toka hapa", sasa nitawaambiaje watu kwamba nakimbia nyuma ya mbwa wa mtu nikiwa na mfuko wa plastiki wa kuokotea mavi? Mama Spesiosa, Mrundi mmoja kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, aliponiuliza kwenye chai baada ya ibada nafanya kazi gani siku hizi, nikajibu, "Nafundisha mazoezi ya viungo, mama. Nina vijana wawili." Akauliza ni wa mpira? Nikasema wa mbio. Ningeishia hapo ningekuwa salama, lakini mimi mdomo wangu haujui kuishia, nikaongeza kwamba hata chakula chao napanga mimi, na kwamba yule wa kike ana pumzi ambazo sijapata kuziona. Wakaanza kuniita Kocha. Nikanunua traksuti.

Sasa Jumapili hiyo nilikuwa nimetega ibada kwa kisingizio cha kazi (na kweli ilikuwa kazi), niko msituni kule nyuma ya Skärholmen, mbwa wamemaliza kilima mara sita, wanahema vizuri, mara nasikia kwa mbali pambio la Kirundi. Nikachungulia. Kikundi kizima cha maombi kinapanda njia ile ile, wamevaa nguo za ibada, maana siku za jua huwa wanakwenda kuomba mlimani kama walivyozoea kwao, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu wa kijinga. Ningesimama tu nikasalimia, ingekuwa aibu ya dakika mbili. Badala yake nikawaburuta Tova na Pelle nyuma ya jiwe kubwa, nikawafunga kwenye mti wa mbetula, nikawamwagia biskuti zote za mfukoni wanyamaze, nikajitokeza njiani natabasamu.

"Kocha!" akaita Mama Spesiosa. "Tumesema uko kazini!"

"Shikamoo mama. Nipo kazini. Vijana nimewatuma, wanazunguka ziwa."

"Basi Mungu amekuleta. Utatufungulia maombi."

Mtu anakataaje? Tukapanda mpaka kwenye uwanda wa mchanga juu, watu kumi na watano hivi, tukafanya duara, nami nikaanza kuomba huku roho yangu iko nyuma ya jiwe. Nilikuwa nimefika mahali pa kuombea wagonjwa niliposikia mbweko. Haukutoka nyuma ya jiwe. Ulitoka chini ya miguu yetu.

Nikaelewa palepale. Mkanda! Mkanda ambao sikuukaza, na Tova niliyemkondesha mwenyewe kwa bidii yote, amejichomoa akaingia shimo la mbweha (Pelle, mlafi yule, alikuwa bado na biskuti). Lakini wenzangu hawakuelewa. Wakatazama ardhi. Mbweko ukaja tena, mzito, unatoka mbali chini, kisha ukahamia upande wa pili wa duara.

Mchungaji Dieudonné, Mkongo wa Bukavu, mtu mpole sana, akanyoosha mkono. "Bandugu, musiogope. Ile kitu iko chini yetu. Tuikemee."

"Toka!" akapaza sauti Mama Spesiosa. "Toka kwa jina la Yesu!"

Na mimi, badala ya kusema, nikainua mikono. "Toka!" nikapiga kelele. "Toka sasa hivi! Toka uje hapa!" Na niwaambie ukweli, katika duara lile hakuna aliyeomba kwa moyo kama mimi, machozi yananitoka, jasho linanitiririka, mpaka dada mmoja akanishika bega akasema, "Baba, una upako." Kila tukikemea, Tova anabweka zaidi, na kila akibweka, wanakemea zaidi. Ikaendelea hivyo karibu nusu saa.

Halafu kukawa kimya.

"Haleluya!" wakaruka. "Ameshindwa!" Wakaanza kukumbatiana. Mimi nikakaa chini kwenye mchanga, kwa sababu bibi alikuwa amenifundisha: teria akinyamaza ghafla chini ya ardhi, huenda mchanga umemfukia nyuma na hewa inamwishia. Nilimwona akilini bibi wa watu mlangoni kwake, anangoja na fimbo yake, na mimi narudi na kamba tupu. Sikujali tena kitu kingine.

"Si pepo," nikasema. "Ni Tova. Ni mbwa wa kazini kwangu, yuko humu, anakufa."

"Kazi gani, Kocha?" akauliza Mama Spesiosa.

"Ndiyo hiyo kazi, mama. Vijana ndio hao. Mwingine nimemfunga kule nyuma ya jiwe."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Nikampigia bibi simu nikamweleza, akasema neno moja tu, "Nakuja," na baada ya dakika ishirini akashuka kwenye teksi na fimbo mkono mmoja na sepetu fupi mkono wa pili, akachechemea mpaka juu, akatutazama na suti zetu na vitenge vyetu, akaweka kidole mdomoni. "Tyst!" Yaani kimya. Kisha akaashiria wote tulale chini, sikio kwenye ardhi. Na kikundi cha maombi kizima kikalala kifudifudi mchangani, mchungaji na tai yake, kinasikiliza.

Dada mmoja akainua mkono. Alisikia kitu kinakwaruza.

Mchungaji akavua koti akaanza kuchimba, lakini Mama Spesiosa hakuvumilia hata dakika moja. "Leta hapa! Unashika sepetu kama kalamu!" Akapiga mafundo kitenge chake juu ya magoti, akachimba kama mtu aliyelima vilima maisha yake yote, na kweli alikuwa amevilima. Tulipokezana zaidi ya saa nzima. Mwishowe mchanga ukaporomoka, zikatokea ndevu, kisha pua, kisha Tova mzima, mwekundu kwa udongo, akajikung'uta juu ya vitambaa vyeupe vya kichwani vya akina mama walioinamia shimo, akageuka tena kutaka kurudi shimoni.

Bibi alipiga magoti na nyonga yake ile mpya, akamshika kifua, akasikiliza moyo wake muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyapanga kwa Kiswidi. Akanyanyua uso akasema sentensi mbili tatu mbele ya watu wote, kisha akanipiga kofi dogo mgongoni.

Mama Spesiosa, ambaye Kiswidi kilikuwa bado kinampiga chenga, akanivuta mkono. "Bibi anasema nini?"

Nikatafsiri, maana ningefanyaje. "Anasema mkanda ni kosa langu, na atanigombeza nyumbani. Lakini anasema mbwa mnene angefia humo. Anasema amepona kwa sababu ya pumzi, na pumzi hizo nimempa mimi."

Mama akanitazama, mikono yake imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. "Mwanangu," akasema, "na hiyo ndiyo ulikuwa unatuficha?"

Kelele zote zile za kukemea sikuzionea aibu kama swali lile.

Tangu siku hiyo nimeapa. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, namjibu kabla hajafika mwisho wa swali, na hata asiyeuliza namwambia: juzi mzee mmoja alisimama karibu nami kwenye foleni ya mkate kule Skärholmen, akataka kujua tu ni saa ngapi, nikamwambia nakimbiza mbwa.