Nguzo Kutoka Shambani kwa Shangazi

Elihuruma Nanyaro alikuwa seremala wa milango na makabati, na kwa miaka mingi alifanyia kazi kwenye uwanja wa kupanga kule mjini, mtaa wa Sokon One, mashine zikiwa chini ya maturubai. Mvua ikinyesha, kazi inasimama. Jua likiwaka, mbao zinapinda. Majirani nao walichoka na kelele za randa na vumbi lililotua kwenye nguo walizoanika, na mwishowe mwenye uwanja akamwita, akamwambia kwa upole kwamba hadi Desemba awe amepata pa kwenda.

Bahati nzuri alikuwa na kiwanja jirani na Makumira, alichokinunua wakati eneo lile bado lilikuwa mashamba ya mahindi. Akaamua kujenga karakana yake mwenyewe: banda kubwa la nguzo za miti, bati juu, sakafu ya zege, upana mita kumi na mbili na urefu ishirini na nne, mbao ndefu ziweze kugeuzwa humo ndani bila kugonga kitu. Alikuwa ameliwaza banda hilo muda mrefu, hata alijua dirisha la upande wa benchi lake litatazama wapi.

Alimwita Gadiel, fundi wa kuezeka aliyeheshimika pande za Usa River, akamwomba makadirio. Gadiel alipima kiwanja kwa hatua, akaenda zake, akarudi wiki iliyofuata na jumla ya milioni ishirini na nne na ushei.

"Mimi nina ishirini," alisema Elihuruma. "Na hizo ni pamoja na mkopo wa SACCOS."

"Basi jenga nusu mwaka huu," Gadiel akamjibu. "Nguzo za upande mmoja, bati upande mmoja. Nusu nyingine mwakani. Banda la nguzo halina shida, linaungwa."

"Kwenye nusu, mashine hazienei."

"Zitabanana, lakini zitaenea."

Elihuruma hakutaka kusikia habari ya nusu. Alirudia makadirio mstari kwa mstari akitafuta pa kukata. Bati hakuweza kupunguza. Saruji ilikuwa tayari imebanwa. Kilichobaki ni nguzo: ishirini na saba, za kununua zikiwa zimetiwa dawa, zaidi ya milioni nne. Ndipo akakumbuka kijiji cha Akheri.

Akheri aliishi shangazi yake Tekla, dada mdogo wa baba yake, mjane aliyekuwa na shamba la migomba na kahawa kwenye mteremko. Yeye ndiye aliyemlipia Elihuruma ada ya chuo cha ufundi baba yake alipofariki. Juu ya shamba, upande upepo unakotokea, kulikuwa na safu ya mikaratusi iliyonyooka, mirefu, ambayo mumewe, marehemu mzee Aminieli, aliipanda walipooana.

Alikwenda Jumapili baada ya ibada, na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Karibu. Violet hajambo? Watoto?"

Walikunywa chai, akamweleza kuhusu banda. Mama Tekla alifurahi sana, akauliza hata rangi ya bati. Lakini Elihuruma alipotaja mikaratusi, aliweka kikombe chini.

"Ile mzee aliipanda kwa ajili ya upepo."

"Najua, shangazi. Lakini inakunywa maji ya mfereji. Wataalamu siku hizi wanaikataza. Unaona kahawa yako ya kule juu ilivyokonda?"

Kulikuwa na ukweli kidogo ndani ya maneno hayo, ndiyo maana yalimtoka kirahisi. Lakini alijua vizuri kwamba kahawa ile ilikonda kwa uzee. Bwana shamba alishasema hivyo mwaka uliotangulia, na yeye mwenyewe alikuwapo, akiwa ameshika mkasi wa kupogolea.

"Na upepo ukija?" aliuliza shangazi.

"Upepo gani siku hizi? Watu wamejenga kila mahali, nyumba zinauzuia."

Mama Tekla aliitazama mikaratusi kule juu. "Haya," alisema. "Wewe ndiye umesoma mambo ya miti. Kama itakufaa, ikate."

Jioni hiyo Violet, mkewe, alisikiliza habari yote huku akipepeta mchele. "Na umemwambia utamlipa nini?"

"Ni shangazi yangu, Violet."

"Sijauliza ni nani yako. Nimeuliza utamlipa nini."

Elihuruma akatoka nje. Kesho yake alifuatilia kibali cha kukata, kisha akampigia Gadiel kumwambia afute gharama ya nguzo.

Mashine ya kukatia ililia Akheri siku mbili. Magogo yalimenywa, yakakaushwa kivulini, kisha Gadiel akachoma sehemu za kufukiwa na kuzipaka dawa ya mchwa na oili chafu. Alinung'unika kidogo kwamba nguzo hazijakauka sawasawa, lakini alikiri kwamba hakuwahi kuona miti iliyonyooka kama ile. Kabla ya Krismasi banda likasimama. Mchungaji aliliombea, watu wakala pilau. Elihuruma alitoa shukrani kwa Mungu, kwa SACCOS, kwa Gadiel na vijana wake, kwa wateja. Mama Tekla hakuwapo, goti lilimsumbua. Wageni walipoondoka Violet alimwambia, "Hujamtaja shangazi." Akasema amesahau. Lakini hakuwa amesahau. Alikuwa amelifikia jina lake akaliruka, kwa sababu alihisi kuna mtu atauliza, "Alichangia nini?"

Mwezi wa tatu, siku chache kabla ya masika, ulishuka upepo kutoka mlimani. Kule Makumira uling'oa vibati vya vibanda viwili vya chipsi na kupeperusha maturubai barabarani. Banda la Elihuruma halikutikisika. Alisimama ndani akisikiliza bati likivuma, na badala ya kufurahi alijikuta anawaza Akheri. Alitaka kupiga simu. Akajiambia mtandao utakuwa mbaya.

Siku mbili baadaye alikuja dereva wa bodaboda na mikungu mitatu ya ndizi za mshare, zile za kupika. Ilikuwa michanga, vidole vyembamba kama vya mtoto, isiyofaa hata kuuzwa.

"Mama wa Akheri amesema mle hizi," alisema dereva. "Amesema zimeanguka nyingi, peke yake hawezi kuzimaliza."

"Amesema nini kingine?"

"Hakuna. Amewasalimia."

Violet alizipika kwa nyama. Elihuruma alikaa mezani akashindwa kula. Angeweza kuvumilia kugombezwa. Hata angejitetea, maneno alikuwa nayo. Lakini salamu zile hazikumwachia pa kushika. Asubuhi alifunga karakana, akaenda.

Alimkuta Mama Tekla katikati ya shamba, amejifunga khanga kiunoni, anaegemeza mgomba kwa mti wenye panda. Sehemu yote ya juu ilikuwa imelala, migomba imevunjika kiunoni, majani yamechanikachanika. Chini kidogo kahawa ilikuwa imefunikwa na mashina yaliyoanguka. Juu kabisa palikuwa peupe, visiki vitupu, na mlima ukionekana wazi mahali ambapo tangu utotoni hakuwahi kuuona akiwa ndani ya shamba lile.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Shika hapa, mkono wangu umechoka."

Akashika. Walifanya kazi hivyo, mgomba baada ya mgomba, mpaka Elihuruma akashindwa kujizuia.

"Shangazi, niliposema kahawa inakaushwa na mikaratusi, nilijua si kweli. Nilikuwa nataka nguzo."

"Najua."

"Ulijua?"

"Bwana shamba alisema ni uzee, mbele yetu sote. Ulidhani mimi sikusikia?" Hakupaza sauti. "Nilinyamaza nikiwaza, atasema mwenyewe. Atasema, shangazi nina shida, nisaidie. Ungesema hivyo ningekupa, na habari ya upepo ningeijua mbele ya safari. Lakini ukanifanya mjinga kwenye shamba langu."

Elihuruma alitaka kupiga magoti. Mama Tekla akamzuia kwa kiganja.

"Usinilie hapa. Niambie, nguzo ungenunua kwa mtu ungetoa ngapi?"

Akamtajia.

"Za kwangu hazikuwa na dawa, punguza hiyo. Kinachobaki unilipe. Sikuombi huruma, naomba bei."

Aliitikia, na njiani kurudi aligundua kwamba kwa miezi yote ile alikuwa anaogopa kwamba atasamehewa bure.

Kulipa kulichukua zaidi ya mwaka. Alipata kazi ya milango ya hosteli karibu na chuo, na kila malipo yalipoingia alipeleka fungu Akheri kabla ya kugusa deni la SACCOS. Mama Tekla alihesabu mbele yake, akashukuru kama anavyoshukuru mnunuzi yeyote. Kwa fedha hizo aliweka vibarua wa kusafisha shamba na akapanda migrevilea mahali pa ile mikaratusi. Elihuruma alichimba mashimo yeye mwenyewe, siku nzima, akijua kwamba miche ile ingechukua miaka kabla ya kuzuia chochote. Alijaribu pia kujenga ukuta wa mabanzi ya mbao juu ya shamba. Upepo wa mwaka uliofuata ukaulaza.

Siku moja Arnold, seremala mwenzake wa zamani kutoka Sokon One, alikuja kulitazama banda. Alitaka kujenga la kwake, akaomba kuambiwa gharama bila kufichwa.

"Tenga ishirini na tano," alisema Elihuruma.

"Mbona Gadiel ananiambia wewe ulijenga kwa ishirini?"

"Gadiel anajua nilichomlipa yeye." Kisha akamsimulia kuhusu nguzo zilikotoka, yote, mpaka ile mikungu mitatu. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa mtu asiye wa nyumbani. Arnold alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema afadhali aanze na nusu.

Shangazi na mpwa wanasalimiana vizuri. Mama Tekla akiumwa goti ni Elihuruma anayempeleka hospitali, na kanisani wanakaa benchi moja. Lakini mwaka wa tatu huu, tangu siku ile alipoombwa bei, hakujatumwa bodaboda na mkungu kutoka Akheri. Mshare wanaopika nyumbani Violet anaununua soko la Tengeru, na Elihuruma hula bila kuuliza bei.