Sahihi ya Mama Nyuma ya Hundi

Nakereka mpaka leo mtu akiniwekea karatasi mbele na kuniambia, "Tia sahihi tu hapo, mengine tutaandika wenyewe." Sitii. Nasoma kwanza, tena polepole, na anayeona namchelewesha aende zake. Watoto wangu hunicheka, husema nimekuwa karani wa benki uzeeni. Wacha wacheke. Wao hawakumjua mjomba wangu.

Baba alifariki mwishoni mwa miaka ya hamsini, mimi nikiwa msichana wa kukaribia kuolewa. Alikuwa akifanya kazi ya barabara za serikali, na homa ilimchukua ghafla. Tulikuwa tukikaa Pujini, kisiwani Pemba. Mama akakaa eda: hatoki nje, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake akija, huzungumza naye nyuma ya pazia. Katika hali hiyo ndipo ilipokuja hundi ya kiinua mgongo cha baba, imeandikwa jina la mama. Fedha hizo ndizo zilizokuwa za kutulea mimi na wadogo zangu.

Mama hakuweza kwenda mjini kuivunja. Wa kumtuma alikuwa mmoja tu, kaka yake wa tumbo moja, aliyekaa Tibirinzi. Ndiye aliyemwoza, na ndiye aliyemzika mumewe.

Hundi tulisomewa na jirani yetu, mwalimu wa skuli. Alikaa upande wa pili wa pazia, akasema, "Bibi, sahihi yako utaitia nyuma. Lakini juu yake andika kwanza kwamba alipwe kaka yako, na jina lake ulitaje. Hapo hata ikianguka njiani, mwengine hawezi kuitumia."

Mjomba alikuwapo. Uso wake ukabadilika.

"Mie niandikwe?" alisema. "Mie na ndugu yangu tuandikiane, kama ntu na aliyemwekea rehani? Basi tafuta ntu mwengine umtume, dada'angu."

Mama aliona haya. Kwetu, kuandikiana na ndugu wa tumbo moja kulikuwa ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Maandishi yalikuwa ya watu baki.

"Hapana, kaka, hapana wa kukuandika weye," alimjibu. Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani, jina lake tupu, hakuongeza neno. Mwalimu akainuka kwenda zake. Angesema nini, naye si wa ukoo?

Mjomba alifika mjini Chake adhuhuri imeshaadhiniwa. Aliingia msikitini, akavua koti ili atawadhe, akalitundika. Alipomaliza kusali akaenda kuivunja hundi, na alipotia mkono mfukoni, hamna kitu. Hivyo ndivyo alivyotueleza, akitokwa na jasho, na mimi nilimwamini. Alitafuta kila pahali, akauliza kila mtu, hata usingizi ukampaa.

Baadaye mwalimu aliuliza benki, ikajulikana kwamba hundi ilikuwa imevunjwa Konde, kwa mfanyabiashara mmoja wa karafuu. Mjomba na mwalimu wakapanda gari ya abiria mpaka huko. Tajiri yule hakukana.

"Alikuja mtu wa makamo, kavaa kanzu na kofia," alisema. "Sahihi ilikuwepo nyuma, nami nikamlipa aliyekuja nayo. Kosa langu nini?"

Mwalimu akamuuliza kama angemkumbuka mtu huyo. Tajiri akamtazama mjomba, akasema, "Anaweza kuwa huyu, anaweza kuwa mwengine. Msimu huu nalipa watu wangapi!"

Maneno hayo yalifika Pujini kabla yao. Na kwa bahati mbaya karafuu zilizaa sana mwaka ule, na mjomba, kama wengi wengine, akaezua makuti ya nyumba yake akaezeka bati. Watu wakaunganisha bati na hundi. Siku alipokuja kututazama, mama alimuuliza, bila ya kumwangalia, "Bati umelipatia wapi, kaka?"

"Kwenye karafuu zangu," alijibu. Akaaga. Hakula tena chakula chetu, na mama hakumwita. Ndugu wawili waliokuwa wakigawana hata muhogo wa kuchoma.

Niliolewa Unguja, na mume wangu alikuwa karani wa benki. Nilipomsimulia kisa kile alitikisa kichwa. Alinieleza kwamba sahihi tupu nyuma ya hundi huifanya kuwa sawa na noti, aliyeishika ndiye mwenyewe. Lakini ukitaja jina la wa kulipwa, huyo lazima naye atie sahihi yake ndipo alipwe. Mwengine akijifanya yeye, anakuwa ameghushi, na mwandiko wake unabaki pale kumshuhudia. Nililia. Mjomba alidhani maneno yale yangemvunjia heshima, kumbe ndiyo yangeilinda. Lau yangeandikwa, tungejua.

Nilipokwenda Pemba nilimweleza mama. Alisema, "Nlimshuku, mwanangu. Sikumwambia, lakini nlimshuku, naye alijua." Akasema atakwenda Tibirinzi kumtaka radhi. Akawa anaahirisha kwa haya, leo kesho, mpaka tukaletewa habari kwamba mjomba amefariki.

Tulikwenda mazikoni. Kabla jeneza halijaondoka, nje kwa wanaume ilisikika sauti ikitangaza, "Mwenye kumdai marehemu na aseme, warithi wapo." Ndani, wanawake wote waligeuka wakamtazama mama. Wote, hata wale nisiowajua. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba Pemba nzima ilikuwa ikimwita mjomba mwizi miaka yote ile.

Mama aliinuka akasimama mlangoni, akapaza sauti mpaka nje, jambo ambalo mwanamke wa rika lake halifanyi. "Mie simdai kitu! Ndugu yangu hakuchukua kitu changu!"

Bibi mmoja mzee akamshika mkono, akamkalisha mkekani. "Mungu akulipe kheri, mwanangu," alimwambia. "Umemsamehe yote."

"Sikumsamehe, hakuchukua," alisema mama.

"Amin," wakaitikia wanawake.

"Hakuchukua," alirudia mama, huku akilia, na wao wakimpapasa mgongoni na kumwombea thawabu za mwenye kusamehe.