Matone Manne ya Kongwa

Gladness Chilongani alifaulu mtihani wa Kichina wa ngazi ya kwanza tarehe 4 Desemba 2021. Cheti kimebandikwa juu ya mizani kwenye kibanda chake cha karanga, sokoni Majengo, mahali ambapo mteja hawezi kukikwepa.

Hakusomea chuoni. Alijifunza kwa simu, kwenye programu ambamo wanafunzi wenyewe waliwaandikia wenzao vikumbusho: maneno machache ya kuifanya alama ya Kichina ing'ang'anie kichwani. Gladness aliandika vingi. Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha alama ya mvua, inayofanana na dirisha lenye vitone vinne. "Mvua ya kwetu Kongwa," aliandika. "Matone manne tu, na ukoo mzima uko dirishani unayahesabu."

Lakini aliyependwa ni Shamila, muuza vitenge wa vibanda vichache kutoka chake, mzaliwa wa Busi huko Kondoa. Kikumbusho cha Shamila kikitoka asubuhi, kufika adhuhuri kimejaa laiki. Gladness alizitazama za Shamila kabla ya kutazama zake.

Mwezi uliopita wenye programu walifuta vikumbusho vyote, bila kumuuliza mtu. Asubuhi ile Gladness aliduwaa na simu mkononi mpaka karanga zikaungua jikoni. Kilichomchoma hasa kilikuja mchana.

"Tumekwisha," alilalamika Zaidi, dereva wa bajaji anayetaka kwenda China kununua vipuri. "Vile vya dada Shamila vilikuwa dawa."

Vya dada Shamila. Hata kwenye msiba, marehemu alikuwa wa mwenzake.

Jumamosi iliyofuata wanafunzi walikusanyika kwa Shamila ili wakumbushane vilivyopotea. Zaidi ndiye aliyeanza.

"Kuna kile cha mvua! Ukoo mzima dirishani! Dada Shamila, ulituua na kile."

Watu wakacheka. Jina la Gladness lilifutwa pamoja na maneno yake. Hakuwa na ukurasa wa kumwonyesha mtu. Akisema ni changu, ataonekana anagombania. Akinyamaza, ndiyo kimekwenda hivyo.

Shamila alikuwa anakunja kitenge. Hakuinua hata macho.

"Zaidi nawe! Kwetu Busi mvua ikinyesha hatuhesabu matone, tunahesabu mbuzi waliokwenda na maji. Hicho ni cha mtu wa Kongwa. Gladness, si chako hicho?"

"Ni changu." Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

Wakampigia makofi. Lakini kicheko cha kushika mbavu kilikuwa cha wale mbuzi, na Zaidi alikuwa tayari anamsimulia aliyechelewa. Gladness alikuwa amepata haki yake, akatamani ingetoka kwenye mkono mwingine wowote.

"Jumamosi ijayo utufundishe wewe," Shamila alimwambia wakati wa kuagana. "Mimi nimechoka kusifiwa peke yangu."

"Nitaona."

Ameshaona. Jumamosi saa nne asubuhi atasimama mbele yao na alama ya mbuzi, yenye pembe mbili juu. Kikumbusho chake ameshakitunga, na hajamwonyesha mtu.