Jina la Mkwe

Miaka ile ya ruksa kila kitu kilikuwa kinaingia: mitumba, redio za Kijapani, sabuni za rangi zote pale Msamvu, na miradi. Mimi nilikuwa muuguzi, naishi mjini, mtaa wa Mafiga, na mume wangu, na mradi ulioniangukia mimi ulihusu kusahau. Madaktari wa nchi tatu, mmoja wa Ulaya, mmoja wa India na mmoja wetu kutoka Dar es Salaam, walitaka kujua kama wazee wakitibiwa presha mapema, wakapunguza chumvi, wakatembea na kukutana mara kwa mara kupiga soga, akili zao zitachelewa kuchoka. Kutembea! Walikuja kuyasema hayo Kinole, kijijini kwetu milimani, ambako hata kwenda kuomba kiberiti kwa jirani ni kupanda mlima. Nilicheka sana, lakini kazi niliitaka, tena si kwa ajili ya mshahara peke yake.

Bibi yangu mzaa mama alikufa hajui hata jina lake. Alianza kwa kusahau sufuria motoni, akaishia kutoka nyumbani alfajiri akimtafuta mama yake aliyezikwa zamani, na watu wakasema karogwa. Mama ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka mwisho. Na sasa mama mwenyewe alikuwa ameanza kuniuliza jambo lile lile mara mbili. Uzee tu huo, kila mtu aliniambia. Mimi sikutulia. Kila nikipanda Kinole nilimchunguza kama askari wa zamu: chai ameitia sukari? Kanga ameifunga sawasawa? Hata nilipopoteza ufunguo wangu mwenyewe kule mjini, moyo ulinienda mbio kana kwamba zamu yangu nayo imefika.

Basi wazee walipoanza kuandikishwa, nilimwandikisha mama mapema kabisa. Maswali yalikuwa yale yale kwa nchi zote tatu. Kwa kuwa ni mama yangu, sikuruhusiwa kumuuliza mimi. Aliuliza daktari wa Dar, nami nikakaa pembeni barazani kumtafsiria daktari wa Ulaya.

Mama alijibu vizuri, tena kwa kejeli. Alipoulizwa huu ni msimu gani, alimuuliza daktari kama haoni machungwa yote yale mitini. Nikaanza kupumua. Ndipo likaja swali la familia: ataje watoto wake, na wake zao au waume zao. Akanitaja mimi, akawataja kaka zangu na wake zao. Akaishia hapo.

"Na mume wa huyu binti yako, mama?"

"Ni mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

"Baba wa wajukuu zangu."

"Jina lake, mama. Jina."

Mama akajifunika mdomo kwa kanga, akanigeukia mimi. "Huyu mgeni wako hakufundwa kwao?"

Kwetu mama mkwe halitaji jina la mkwewe wa kiume, wala mkwe hali chakula mbele yake. Tangu anioe, mume wangu alikuwa akimwamkia mama kwa mbali, amechuchumaa, ametazama chini, na wakikaribiana njiani mmoja wao huchepukia shambani mpaka mwenzake apite. Daktari wa Dar, mtu wa Kanda ya Ziwa, hakuyajua hayo. Aliandika amekosa.

Nilipandwa na hasira, nikamwambia pale pale kwamba mama hajasahau, anaheshimu. Akanijibu kwa upole, "Dada, nimekuelewa. Lakini swali hili ndilo wanaloulizwa wazee wa India na wa Ulaya. Tukilibadilisha hapa hatutaweza kulinganisha." Daktari wa Ulaya akaahidi kwamba watalizungumza wakikutana wote. Bila shaka walilizungumza. Swali halikubadilika.

Ajabu ni kwamba kosa lile ndilo lililonifariji. Mwaka mzima, kila mama aliponiuliza kitu mara ya pili na ya tatu, kila nilipomkuta amesimama mlangoni bila kujua alikuwa anakwenda wapi, nilijiambia: mtu anayejua jina gani hatakiwi kulitaja, na mbele ya nani, huyo akili yake ingalipo. Nilikishika kitu hicho kwa mikono miwili.

Mwaka uliofuata tukarudi. Mama alikuwa akimeza dawa zake za presha na kwenda kwenye mikutano ya wazee bila kukosa. Mume wangu naye alikuwa ametangulia kuchukua machungwa ya kwenda kuuza Msamvu. Alikuwa uani akifunga magunia, ameligeuzia baraza mgongo kama ilivyo ada.

Mama alibabaika kwenye siku ya juma, kisha akapatia. Msimu akapatia, ila safari hii bila kejeli. Likaja swali la familia. Akanitaja mimi, akawataja kaka zangu na wake zao.

"Na mume wa binti yako?"

Mama akalitaja jina lake. Alilitaja lote, na la baba yake juu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya ndizi.

Kule uani mume wangu aliiachia kamba. Alisimama kidogo bila kugeuka, halafu akaondoka polepole akipitia nyuma ya jiko, na gunia likabaki wazi. Daktari wa Dar akaweka alama ya vema na kunitazama kwa furaha, kama mtu aliyeniletea zawadi.

"Umeona, dada? Safari hii amelikumbuka."

Daktari wa Ulaya alifurahi kumshinda. Alisema mama amepanda, na huenda dawa na mikutano vinafanya kazi. Niliogopa siku ile kuliko siku niliyomwona bibi akimtafuta marehemu mama yake. Niliwaambia wote wawili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwamba hapo ndipo alipopotea. Walinisikiliza kwa heshima. Daktari wa Dar alifunua karatasi zake mbele na nyuma, akasema hakuna mahali pa kuliandika hilo. Daktari wa Ulaya akaniomba, tafadhali, nimpongeze mama kwa lugha ya nyumbani.

Nikamwinamia, nikamwambia amefaulu. Mama akapiga makofi, akacheka hadi machozi. Kisha akageukia uani, akamwita mkwewe kwa jina, aje naye asikie.