Boma Lililohama

Sanduku la chanjo lilirudi Kakuma likiwa limejaa kama lilivyoondoka, ila barafu ilikuwa imekwisha. Dereva alilishusha mbele ya ofisi ya mifugo akasema alichokuta kule ni ua wa miiba, samadi kavu na majivu. Watu walishahama. Daktari wa mifugo, mwanamke asiyepandisha sauti, alifungua kifuniko, akagusa chupa moja, akafunga. Chanjo yote ilitupwa. Huko porini mbuzi waliendelea kukohoa kwa homa ya mapafu.

Safari hiyo ilikuwa imepangwa na wakala wa akili mnemba tuliyekuwa tukimjaribu ofisini Lodwar. Ni programu iliyopewa zana kadhaa: ya kutafuta boma, ya kuagiza gari, ya kutuma ujumbe. Huchagua zana ya kutumia kwa kusoma maelezo mafupi yaliyoandikwa chini ya kila moja. Mkubwa wetu alisema tutajaribu mara moja tu zaidi. Sanduku la pili likiharibika, chanjo iliyobaki itapelekwa kaunti nyingine. Nami, kwa kuwa niliwahi kusoma habari redioni, nikapewa maelezo hayo niyaandike upya.

Ya zana ya kwanza yalikuwa sentensi moja: "Hutoa mahali boma lilipo." Nilimuuliza mtengenezaji wa programu, tuliyekaa naye meza moja, mahali hapo hutolewa wapi. Akasema ni pale boma lilipoandikishwa. Liliandikishwa lini? Inategemea, akasema. Asubuhi yake nikapanda gari la Kakuma.

Daktari alinipokea kwa salamu ya Kiturkana, "ejok", na kicheko kidogo.

"Mtangazaji, umekuja kutusomea taarifa?"

Nilimwambia nimekuja kujua yeye mwenyewe humpataje mzee mwenye mifugo. Akanieleza kwamba boma huitwa kwa jina la mwenyewe, na mwenyewe akihama, jina linakwenda naye. Kwa hiyo haulizi boma liko wapi. Anauliza wananywesha wapi. Nikataka kujua kama hapigi simu tu.

"Simu ya mzee imezimwa," akasema. "Muulize mama anayeuza tumbaku kisimani. Mzee anaweza kukaa bila sukari, lakini tumbaku hakosi."

Akanipa namba za simu za wauza tumbaku wa visima vyote, tuzitie kwenye zana ya ujumbe. Niliporudi Lodwar niliifuta ile sentensi nikaandika hivi:

"Zana hii hutoa mahali boma lilipoonekana mara ya mwisho, pamoja na tarehe. Wenye boma huhama. Usiagize gari kwa jibu hili pekee. Kwanza tumia zana ya ujumbe, umuulize muuza tumbaku wa kisima kilicho karibu kama wenye boma wananywesha hapo, na kama sivyo, wameelekea wapi. Usipopata jibu, mwarifu daktari. Usikisie."

Mwenzangu alisoma akashika kichwa. Alisema wenzake wa Nairobi watamcheka wakikuta tumbaku ndani ya maelezo ya programu. Nikamwambia wacheke, ila atie tarehe kwenye jibu la zana, maana haikuwemo. Alitia kabla ya chakula cha mchana, na bila kuombwa akarekebisha zana ya gari isikubali safari ambayo haijathibitishwa.

Siku ya jaribio daktari alipakia sanduku, dereva akawa tayari. Kwa simu dereva alituambia akikuta majivu tena, atamletea wakala wetu ayanywe. Sisi tulitazama skrini. Wakala alitafuta boma, akapata tarehe ya zamani, akasimama. Akamwandikia muuza tumbaku. Tulisubiri hadi chai yangu ikapoa. Jibu likaja: wamevuka laga, ule mto mkavu, wananywesha kisima cha juu. Wakala akamwandikia muuzaji wa kisima hicho, akathibitishiwa, ndipo akaagiza gari.

Alasiri simu yangu iliita. Nyuma ya sauti ya daktari mbuzi walikuwa wakilia kwa wingi.

"Mtangazaji, andika habari," akasema. "Sanduku linarudi tupu."

Nilirudia maneno hayo kwa sauti, na ofisi nzima ikasimama. Mkubwa aliagiza soda, kisha akaniambia niandike upya maelezo ya zana zote zilizobaki.

Dereva alifika Lodwar kesho yake na paja la mbuzi, zawadi ya mzee. Alisema mzee alitaka sana kujua nani amemwonyesha njia.

"Nikamwambia ni tumbaku yake."