Kijiko cha Uji na Mkanda wa Gari ya Aba

Sisi tuliolelewa mtaa wa Wabera tukiruka bladda, ile kamba ya mpira, mpaka adhana ya magharibi, baba tulimwita Aba. Van yake kuukuu ilileta maziwa ya ngamia kutoka Gotu, na mpaka leo nikinusa maziwa yenye harufu ya moshi nakiona kile kiti cha mbele, changu siku zote za likizo.

Asubuhi moja kile kidude cha kupandisha na kushusha mkanda, pale kwenye nguzo ya mlango, kilikwama juu kabisa. Mkanda ukanipita shingoni. Aba akaangalia, akazima gari. Wanaongoja maziwa wangoje. Alichukua kijiko cha uji cha Mama, akakizungushia kitambaa, akabandua plastiki ya kufunika nguzo bila kuikwaruza. Akafungua boliti, akatoa kidude kibovu, akafunga kizima alichotafuta mji mzima. Akavuta mkanda kwa nguvu mara tatu. Kisha akapitisha vidole viwili kati ya mkanda na shingo yangu.

"Ukae begani, mama," akaniambia. "Shingo ni ya shanga."

"Na kijiko changu umekipinda!" Mama alifoka kutoka jikoni. "Leo utakunywa uji na spana!"

Mama alikitumia hivyo hivyo kilivyopinda, miaka.

Juzi kidude cha mkanda cha van yetu kikakwama vilevile. Binti yangu Hawa ana miaka minane. Baba yake ananiambia, "Mama Hawa, si aupitishe nyuma ya mgongo? Ni hapa tu Bulla Pesa."

Hapa tu! Nilichemka, nikamfokea. Vijana wa siku hizi, gari ikiwapigia kelele wafunge mkanda, wanatafuta kichuma cha kuchomeka kwenye kifungio ili kuinyamazisha. Lakini kioo cha simu kikipasuka, fundi anapatikana kabla ya chai.

Nilinunua kidude kipya, nikaenda kwa Mama kuchukua kile kijiko. Mume wangu alisimama ameshika plastiki huku nikikaza boliti. Nikavuta mara tatu. Nilipopitisha vidole viwili, Hawa alicheka, nimemtekenya. Nikataka kumwambia ya shanga, nikaishia kuukalisha mkanda begani.

Aba hayuko tena. Enzi zake, maziwa ya mtaa mzima yalingoja shingo ya msichana mmoja, na Aba hakuhitaji kumgombeza mtu. Leo, kwa shingo ya Hawa, imebidi nipige kelele kwanza.