Marahaba ya Baba

Mchumba wangu alikuwa katibu wa kijiji, na mpaka siku ya mkutano ule sikuwa nimeona kasoro yake. Akija kwetu, alishuka kwenye baiskeli tangu kule kwenye migomba, akaikokota mpaka uani, akasimama macho chini. "Shikamoo baba." Hasogei, hasemi, mpaka baba aitike marahaba. Ndivyo sisi watu wa Vidunda tunavyomwendea baba mkwe. Serikali ilipotuteremsha huku bondeni, karibu na Tindiga, tukae kijiji cha ujamaa, nyumba tuliziacha mlimani, lakini hilo tulikuja nalo.

Posa ilikuwa imeshapokelewa. Mimi, na darasa langu la saba, kazi yangu ilikuwa kuota: tutahamia Mikumi, nyumba ya bati kando ya barabara kuu, nitawauzia chai madereva. Mama alinicheka. "Chai yenyewe unaitia moshi."

Siku ya mkutano alikuja mkubwa mmoja kutoka Kilosa. Akatuambia shikamoo ni salamu ya watumwa, iachwe. Mkutanoni hakuna baba wala bwana, wote ni ndugu. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, maana niliyapenda maneno mapya.

Kisha baba akasimama, akavua kofia. Akaomba wazee waruhusiwe kupanda mlimani wakavune maharage yao, yanakauka, shamba la kijiji litawangoja. Mchumba wangu akamtazama mkubwa, ndipo akamtazama baba.

"Ndugu mkulima, hilo halimo kwenye ajenda. Kaa chini."

Baba akakaa. Wanawake wakaziba midomo kwa khanga. Mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Huyo ndiye mkwe aliyempata."

Jioni mchumba wangu akaja, anakokota baiskeli. Nilikuwa nimeshamwekea kiti.

"Shikamoo baba."

Baba alikuwa analainisha mpini wa jembe kwa kipande cha chupa. Akaendelea.

"Shikamoo baba."

Mama akakohoa. Baba akaniambia mimi, "Mwambie huyo ndugu mkutano uliisha mchana."

"Baba, yule mkubwa alikuwa ananikodolea macho," akasema mchumba wangu. "Ningekuita baba pale, leo nisingekuwa katibu."

"Basi baki na ukatibu wako."

Nikapiga magoti. "Baba, mwitikie. Neno moja tu." Akaugeuza mpini, akaanza upande wa pili. Watu waliokuwa wakirudi kutoka majaruba ya mpunga walianza kusimama njiani watazame. Mchumba wangu akageuza baiskeli, akaondoka. Posa ikarudishwa. Yeye akaomba uhamisho, akaoa kijiji cha Ulaya, hukuhuku Kilosa.

Mwaka huu mkubwa yule amerudi. Safari hii anataka sisi tulioteremka mlimani tulime pamba, na amejua tunamsikiliza nani. Alipoingia uani kwetu, wajumbe wote nyuma yake, aliinama.

"Shikamoo mzee wetu."

"Marahaba, mwanangu," baba akasema, akampokea kwa mikono miwili, anacheka.

Wajumbe nao wakasema shikamoo, mmoja mmoja, na baba akawaitikia wote. Mimi nilikuwa nimesimama na birika. Nilitaka kumuuliza, marahaba hiyo siku ile ilikuwa wapi? Lakini mtoto hamuulizi baba yake hivyo mbele ya wageni. Wageni walipoondoka pia sikumuuliza.